Kutu ya Kalemie: pesa yako iende wapi

Wenye magari wengi Kalemie hulaumu ziwa. Lakini Tanganyika ni maji baridi, na upepo wake hauli bati kama upepo wa bahari kule Mombasa. Kinachokula gari hapa ni matope ya majira ya mvua yanayoganda ndani ya shasi, pamoja na chumvi ambayo gari lilikuja nayo. Gari lililotembea Ulaya au kaskazini mwa Japani lilipita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Likivushwa kutoka Kigoma rangi inang'aa, kumbe ndani kutu imeshaanza.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ni ya kuosha: maji ya presha chini ya gari, kisha waya wa kuzibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na kwenye shasi. Ukipaka dawa yoyote juu ya matope, umefungia unyevu ndani.

Baada ya hapo usilinganishe bei ya kopo peke yake. Hesabu kopo, kazi ya fundi, na mara utakazorudia kwa miaka mitatu.

Oili chafu ni karibu bure, lakini mvua inaiosha, kwa hiyo unamlipa fundi kila mara. Inalegeza mipira ya chini ya gari, na inayodondoka inaishia Mto Lukuga na ziwani, kwenye maji tunayokunywa. Mimi siikubali hata kwa bure.

Rangi ya lami inapendeza mwanzoni. Kokoto zikiipasua, maji yanapenya nyuma yake na chuma kinaoza bila wewe kuona. Rangi ya zinki ni bora zaidi, maana zinki huliwa kabla ya chuma; ila inataka chuma kitupu, na kusugua kwa brashi ya waya na msasa kunaweza kugharimu kuliko rangi yenyewe.

Kwa sehemu zenye uwazi ndani, chaguo langu ni nta ya kupuliza, na kwenye bolti, grisi. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, mafundi walizipaka injini grisi nzito kwanza. Ilipoibuliwa 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mwenye Land Rover ya zamani ana shida nyingine: bodi ya alumini imefungwa kwenye chuma. Metali mbili zikigusana na maji machafu yakiwa katikati, zinafanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti. Fungua, safisha, weka wosha iliyokatwa kwenye plastiki ya bidoni, paka grisi, funga. Gharama ni muda tu.

Vifaa vya umeme vinavyodaiwa kuzuia kutu, usinunue. Njia hiyo hufaa chuma kilichozama majini au kufukiwa ardhini, ambako mkondo una pa kupita. Gari liko hewani.

Na kabla hujatoa dola bandarini, lala chini ya gari na tochi na nyundo ndogo. Gonga shasi karibu na springi za nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga magamba. Shasi ikiwa imetoboka hapo, liache gari hilo, hata wakikupunguzia nusu ya bei.