Mchukuzi Aliyejikunja

Msomaji wetu wa Kalundu, Uvira, anaandika: bibi yake anasahau majina ya wajukuu, na majirani wanasema amerogwa. Sasa binamu yake aliyeko Kanada amepima mate, akaambiwa ana APOE4, inayohusishwa na Alzaima. Je, ukoo mzima umeandikiwa?

Alzaima ni nini, wengi wameshaeleza. Mimi nina hamu na mchukuzi.

APOE ni protini inayobeba mafuta ubongoni. Nenda Kalundu boti ya mawese ikishusha mzigo: vijana wamo majini hadi kiunoni, bidoni begani, wakielekea kwenye lori. Ndani ya kichwa seli walezi hutengeneza kolesteroli, seli za neva huingojea zikarabati ngozi zao, na mchukuzi ni APOE. Ni uzi wa shanga 299 za asidi amino. Aina yake ya 3 na ya 4 (hiyo ndiyo APOE4) zinatofautiana kwa ushanga mmoja tu, wa 112: kwenye 3 ni sisteini, kwenye 4 ni ajinini. Basi! Ila ajinini hiyo inamsukuma jirani wa 61 atoe mkono nje, na mkono huo wenye chaji chanya unamnasa ushanga wa 255, wenye chaji hasi. Mchukuzi anajikunja, magoti kifuani. Hebu mpe bidoni avuke nayo maji! Mafuta yanarundikana kwa mtengenezaji, na taka za amiloidi, ambazo naye husaidia kuzifagia, zinabaki.

Wengine huziita aina hizi vibadala. Silipendi neno hilo: kibadala hushika nafasi ya mwenzake, na 4 ndiyo ya kale, 3 ilikuja baadaye. Mimi naziita lahaja. Uvira na Unguja ni Kiswahili kilekile, kila mmoja na matamshi yake.

Uhusiano na Alzaima ulionyeshwa mwaka 1993 na kundi la Allen Roses, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kwa Wazungu nakala moja ya 4 huongeza hatari mara 3 hivi. Nakala mbili, mara 8 au zaidi. Lakini kwa wazee wa Nyeri, Kenya, lahaja ya 4 ilikuwa tele, wala haikutenganisha wanaosahau na wasiosahau. Ibadan, Nigeria, nako uhusiano ulikuwa hafifu. Inaelekea DNA ya Kiafrika inayoizunguka jeni ya APOE huipunguzia lahaja ya 4 sauti.

Kwa hiyo, dada, karatasi ya Kanada haikuandikwa kwa ajili ya Kalundu. Bibi hakurogwa. Mpeleke apimwe presha na sukari, na majirani wakija kumsalimu, waanze kwa kutaja majina yao.