Mgonjwa Kwanza, Shamba Baadaye: Kudai Dawa za Bangi Kupitia Magazeti Yetu

Katika magazeti ya Tanzania, bangi ina makao yake: kurasa za polisi na mahakama. Huko tunasoma habari za mashamba yaliyofyekwa Arumeru na Tarime, za magunia yaliyokamatwa barabarani, na za vijana waliofungwa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Mkazi wa Sinza anayesimama kwenye meza ya magazeti pale Kumekucha au Afrika Sana na kusoma vichwa vya habari kabla ya kupanda daladala, ni nadra aione bangi ikitajwa pamoja na daktari, wodi au dozi. Maoni yake juu ya sheria yamejengwa na kurasa hizo, na maoni ya mbunge wake pia. Kwa hiyo anayetaka sheria iruhusu wagonjwa kutibiwa kwa dawa zinazotengenezwa kutokana na mmea huu ana kazi ya kufanya kabla hajafika Dodoma: kuihamisha hoja kutoka ukurasa wa uhalifu kwenda ukurasa wa afya. Nitadai katika sura hii kwamba kazi hiyo inawezekana, ila kwa sharti moja. Ombi linalopelekwa gazetini liwe la mgonjwa, liwe dogo, na lisidai zaidi ya kile ambacho utafiti umethibitisha.

Tuanze na huo uthibitisho, maana hapo ndipo watetezi wengi hujiharibia. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England lilichapisha jaribio lililohusisha watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa kikali kinachoanza utotoni na kisichosikia dawa za kawaida. Kundi moja lilipewa kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, iliyosafishwa na kupimwa kwa miligramu. Kundi la pili likapewa kinywaji kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Katika kundi la kwanza kiwango cha kati cha degedege kwa mwezi kilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, katika kundi la pili kilitoka 14.9 hadi 14.1. Madhara yalikuwepo, ikiwemo usingizi, kuharisha, na vipimo vya ini kupanda kwa baadhi ya wagonjwa. Mwezi Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliisajili dawa hiyo kwa jina la Epidiolex. Dawa nyingine za jamii hii zilitangulia: dronabinoli ya kutuliza kichefuchefu cha tiba ya saratani ilisajiliwa Marekani mwaka 1985, na Sativex, ya kulegeza misuli iliyokakamaa kwa wenye ugonjwa wa mfumo wa fahamu uitwao multiple sclerosis, ilisajiliwa Uingereza mwaka 2010. Hapo ushahidi ni imara. Kwenye maumivu sugu ushahidi unayumba, kiasi kwamba mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilikataa kuziidhinisha dawa hizi kwa matumizi hayo. Mwandishi wa makala anayeandika kwamba bangi inaponya saratani, kisukari na presha ameshaipoteza kesi, kwa kuwa daktari mmoja tu atakayejibu wiki inayofuata atamwangusha yeye pamoja na mtoto mwenye Dravet aliyekuwa akimtetea.

Sheria za kimataifa si kikwazo kama inavyodhaniwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961, unaotajwa kila mara bangi inapokatazwa, unakiri tangu utangulizi wake kwamba dawa hizi zina nafasi katika tiba, na unaziruhusu nchi kuzitumia kwa tiba na utafiti. Tarehe 2 Desemba 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, Tume ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika jedwali la nne la mkataba huo, ambako ilikuwa imewekwa pamoja na heroini. Bado imo katika jedwali la kwanza, chini ya udhibiti mkali. Morfini nayo imo humo humo, na hospitali zetu zinaitumia.

Hapa nchini hoja iliyosikika kwa sauti kubwa zaidi imekuwa ya fedha. Jumanne Kishimba, alipokuwa Mbunge wa Kahama Mjini, aliitaka Serikali ifikirie kilimo cha bangi kwa ajili ya soko la dawa la nje, na magazeti yakamwandika kwa ukubwa. Nchi nyingine za Afrika zilishaifuata njia hiyo: Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Zimbabwe ikafuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria mwaka 2020, Rwanda ikaweka kanuni za kilimo cha kusafirisha nje mwaka 2021. Naelewa mvuto wake. Hata hivyo naamini hoja ya shamba, ikitangulia, inaidhuru hoja ya mgonjwa. Gazeti likiandika bangi kama zao la biashara, msomaji anauliza papo hapo ni nani atakayelinda shamba hilo na magunia yake yataishia wapi, na ana haki ya kuuliza. Lesotho yenyewe inatufundisha: leseni zilikuwa za gharama ambayo mkulima mdogo hakuimudu, mitaji ikatoka nje, na mazao yakakusudiwa wagonjwa wa nchi nyingine. Nchi inaweza kusafirisha dawa bila mgonjwa wake mmoja kuonja tone.

Mfano ulio bora uko karibu zaidi, mwendo mfupi wa daladala kutoka Sinza. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu walioathirika na heroini. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Methadoni ni jamii moja na heroini. Inadhibitiwa na mikataba ile ile, na mtu akiitumia ovyo inaua. Kama swali lingeulizwa mtaani Kinondoni mwaka 2005, iwapo Serikali iwape mateja dawa ya aina hiyo kila siku bila malipo, jibu lisingehitaji kura. Kilichobadilisha mambo ni tatizo lililoandikwa kama ugonjwa: sindano zilizokuwa zikichangiwa, maambukizi ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini miongoni mwa wanaojidunga, familia zilizokuwa zikizika vijana. Kisha ukawekwa utaratibu ambao hata mpinzani angeweza kwenda kuuona kwa macho yake: mgonjwa anasajiliwa, anafika kliniki kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Udhibiti haukulegezwa ili tiba ipite. Udhibiti ndio uliofanya tiba ikubalike. Ombi la dawa za bangi lijengwe juu ya msingi huo. Dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iandikwe na daktari bingwa, itolewe katika hospitali za rufaa tu, na kila chupa ihesabiwe. Mashamba yasitajwe. Kuvuta kusitajwe. Ni ombi ambalo mhariri anaweza kulichapisha bila hofu, na Kamishna wa dawa za kulevya akalijibu bila kuonekana ameshindwa vita vyake.

Mzazi wa Sinza atasema: mkianza na chupa, kesho mtoto wangu ataniambia hata hospitali wanatumia. Hofu hii haistahili kupuuzwa. Bangi ya mitaani yenye THC nyingi, kemikali ile inayolevya, inahusishwa na magonjwa ya akili, hasa kwa anayeanza akiwa kijana, na makala yoyote ya utetezi inapaswa kusema hivyo waziwazi. Hatari iliyo karibu zaidi ni mama mwenye mtoto wa kifafa kusoma makala na kwenda kutafuta majani ya kuchemsha. Majani hayo hayana kipimo, yana THC isiyojulikana kiasi chake, na mtoto aliyeachishwa vidonge vyake ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma. Kwa hiyo mwandishi ana wajibu wa kuweka tahadhari hiyo ndani ya makala yenyewe, katika aya za mwanzo, na kumwomba mhariri asiweke picha ya jani wala ya mtu anayetoa moshi. Picha ya chumba cha kliniki inatosha.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa madaktari wenyewe. Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa miaka ya 1960, ugonjwa huo bado umeenea kuliko kawaida, na wapo wanaokosa hata fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo kabisa. Iweje tupiganie dawa ya gharama kubwa kwa wachache? Nakubali kwamba fenobabitoni ije kwanza, na makala nzuri itaidai katika pumzi hiyo hiyo. Lakini wapo watoto ambao vidonge vyote vimeshashindwa kwao, na kwao kizuizi cha sheria kinakuja juu ya kizuizi cha bei. Kuondoa cha kwanza hakuigharimu Bohari ya Dawa chochote. Uingereza inatuonya pia tusidanganyike: mwaka 2018 akina mama wa watoto wenye kifafa, kwa msaada mkubwa wa magazeti, waliibana serikali hadi sheria ikabadilishwa tarehe 1 Novemba mwaka huo, na bado miaka iliyofuata waliopata dawa za bangi zisizosajiliwa kupitia huduma ya afya ya umma walikuwa wachache mno. Kampeni iliishia kwenye sheria, ikasahau miongozo ya matibabu na nani atalipa.

Wapo wanaosema gazeti limepitwa na wakati. Nakala zimepungua, ni kweli. Lakini kila asubuhi redio na televisheni zetu huyapitia magazeti na kuyasoma kwa sauti, na kichwa cha habari cha Mwananchi, Nipashe au HabariLeo kinasikika katika saluni na bajaji ambazo nakala yenyewe haitafika. Isitoshe, gazeti humlazimisha mpinzani kujibu kwa maandishi na kwa jina lake. Kudai sheria ibadilishwe ni haki iliyomo katika ibara ya 18 ya Katiba, mradi anayedai asimshawishi mtu kuivunja iliyopo. Kilichobaki ni kalenda. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na hotuba ya Wizara ya Afya huwa katikati yake. Makala ya daktari bingwa wa watoto ikitoka Februari, barua za wazazi zikafuata Machi, na tahariri ikapatikana kabla wabunge hawajaondoka majimboni, swali litaulizwa bungeni, na waziri atapaswa kulijibu kwa kumbukumbu rasmi.