Zahabu yatoka wapi?

Huko Kilo, katika Ituri, zahabu yachimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Wanafunzi wa katekismu wakituuliza iliingia udongoni namna gani, twajibu upesi: Mungu aliiumba. Ni kweli. Lakini kwa njia gani? Tukinyamaza hapo, vijana watadhani tunaogopa elimu.

Nyota yenye uzito kupita mara nane ule wa jua letu yamaliza kuni zake mapema. Moyo wake wageuka chuma, na chuma hakimpi nyota moto tena. Basi yajiangukia ndani, na maganda yake yatupwa inje kwa kishindo. Mara nyingi kinachobaki ni tonge la upana wa kilometa 20 hivi, zito kupita jua zima: ndiyo nyota ya nyutroni.

Mwaka wa 1916 Einstein aliandika kwamba vitu vizito vikizungukana vyatikisa anga lenyewe, na mitikiso yaenda mbali kama mawimbi ya ziwa. Wimbi la kwanza lilinaswa tarehe 14 mwezi wa tisa 2015, na mashini mbili za LIGO, Amerika. Lilitoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana. (Twayaita meusi sababu hata mwangaza hauponyoki humo.) Kila mashini ina mikono miwili ya kilometa 4, nayo yatambua mkono ukirefuka kwa kipimo kidogo kupita kiini cha atomu. Uvumilivu gani!

Tarehe 17 mwezi wa nane 2017 likaja wimbi la nyota mbili za nyutroni zilizogongana. Mashini ya Virgo, karibu na Pisa, ilisaidia kujua upande. Hazikupita sekunde 2, satelite Fermi ikaona mmuliko. Masaa 11 baadaye darubini moja ya Chile ilikuta nuru mpya, mbali hata mwangaza wasafiri miaka milioni 130 kutufikia. Kwa siku chache nuru ile iligeuka kutoka bluu kuwa nyekundu, alama ya madini mazito yaliyozaliwa humo. Mwaka wa 2019 wenye elimu walisoma ndani yake alama ya strontiumu. Zahabu yenyewe hawakuisoma waziwazi. Hesabu ndizo zinazoishuhudia. Katekista asiseme basi kwamba zahabu yote yatoka huko: wengine wafikiri kwamba nyota fulani za kulipuka zatoa sehemu yake pia. Lakini ile ya Kilo, kwa vyovyote, ni ya zamani kupita jua.