Mgeni Mlangoni: Ulinzi Dhidi ya Ujumbe Taka na Gharama Yake

Mfugaji wa nyuki wa Kasulu au Kibondo akikaa kimya karibu na mzinga wake ataona jambo ambalo mpita njia halioni. Penye tundu la kuingilia pana nyuki wachache ambao hawaruki kwenda popote. Kila nyuki atuaye hapo hupapaswa na kunuswa. Mwenye harufu ya nyumbani hupita. Mwenye harufu ngeni husukumwa, huvutwa bawa, na pengine huchomwa hata kufa. Hao ndio nyuki walinzi. Si jamii ya pekee, bali ni nyuki wafanyakazi wa mzinga ule ule, wenye umri wa majuma mawili au matatu hivi, na kazi hiyo huifanya kwa muda mfupi tu kabla ya kuanza kwenda kutafuta chakula.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba ulinzi huo haulingani mwaka mzima. Miombo inapochanua na nekta ikawa tele, walinzi hulegea. Hata nyuki wa mzinga mwingine aliyepotea njia, akiwa amebeba nekta tumboni, aghalabu huachwa apite. Maua yakishapukutika, na nyuki wezi wakaanza kuzungukazunguka wakiitafuta asali ya wenzao, ulinzi hukazwa. Hapo hutokea hata nyuki wa nyumbani akakataliwa kimakosa. Wanasayansi waliochunguza tabia hii husema kwamba mlinzi ana kizingiti, yaani kipimo cha ugeni anachoweza kukivumilia. Akikipandisha kizingiti, wezi wataingia. Akikishusha, ndugu watafukuzwa. Hakuna kizingiti kinachoziondoa kasoro zote mbili kwa pamoja, maana harufu si ushahidi kamili. Anachoweza kufanya mlinzi ni kuchagua kasoro ipi ina hasara ndogo kwa majira yale.

Swali hilo la nyuki ndilo linalowakabili wahandisi wa mawasiliano ya kompyuta na simu. Popote watu wanapoweza kuandikiana, kuna mtu atakayeingia kwa nia ya kumwaga matangazo na hila juu ya wote. Maandishi hayo, yanayotumwa kwa watu wengi bila wao kuyaomba, huitwa ujumbe taka.

Taka za aina hii zina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo Mei 1978, kabla intaneti ya leo haijakuwako, mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Gary Thuerk, alituma tangazo la kompyuta za kampuni yake kwa watu wapatao 400 waliounganishwa katika mtandao wa utafiti ulioitwa ARPANET. Alikemewa, lakini mashine kadhaa ziliuzwa. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona walitangaza huduma zao za bahati nasibu ya vibali vya kuishi Marekani katika maelfu ya vikundi vya majadiliano, na wasomaji wakakuta tangazo hilo hilo hata palipokuwa pakizungumzwa mambo mengine kabisa. Tangu hapo imekuwa desturi.

Hapa Tanzania taka hizo zilihamia kwenye simu ya mkononi, hasa baada ya huduma ya kutuma fedha kwa simu kuanza mwaka 2008. Manyovu, mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Buhigwe, iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, ni mahali pa soko na pa njia: watu na mizigo hupita kwenda Burundi na kurudi, na fedha nyingi za biashara hupita katika simu. Huko, kama kwingineko nchini, kunafika ujumbe usio na salamu unaomwambia mpokeaji kwamba ile hela aitume kwenye namba hii nyingine. Mwandishi wake hamjui anayemwandikia. Anategemea tu kwamba miongoni mwa maelfu, yuko mmoja ambaye kweli siku ile alikuwa na hela ya kumtumia mtu: mzazi anayengoja namba ya kulipia ada, au mfanyabiashara anayedaiwa mzigo wa maharage. Kuna na ule unaomkaribisha mtu ajiunge na Freemason ili atajirike, ambao ungechekesha kama usingekuwa na watu wanaoujibu.

Hesabu ya mtupa taka

Mtu wa namna hii hakomeshwi kwa kuonywa, kwa sababu kazi yake inaendeshwa na hesabu. Tuchukulie ametuma ujumbe 100,000, na kati ya wote waliopokea, mmoja tu amedanganyika na kupoteza shilingi 50,000. Kwa wastani kila ujumbe umemletea nusu shilingi. Tuseme pia kwamba utambulisho mpya, uwe laini ya simu au akaunti ya mtandaoni, humgharimu shilingi 1,000, na kwamba kabla ya kugunduliwa na kufungiwa huwahi kutuma ujumbe 20,000. Ukiacha gharama ndogo ya kutuma, mapato yake kwa utambulisho mmoja ni shilingi 10,000 na faida yake 9,000. Akifungiwa ananunua mwingine, na kesho anaanza upya akiwa safi kama mtu asiye na historia.

Sasa na awekewe mpaka: kila mgeni asiruhusiwe zaidi ya ujumbe 20 katika siku zake za mwanzo. Mapato ya wastani ya utambulisho yanashuka hadi shilingi 10, na gharama imebaki 1,000. Biashara imekufa. Lakini mgeni mwema, anayetaka kuuliza swali moja la kemia au kutoa maoni mawili juu ya bei ya mahindi, hata hatautambua mpaka huo. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaachia wanafunzi watafute wenyewe ni idadi gani ya ujumbe ambapo faida inageuka kuwa hasara. Watakuta ni 2,000. Kizuizi kizuri, basi, kinapimwa kwa tofauti ya uzito wake: kiwe mzigo mkubwa kwa anayetaka kusema mara elfu ishirini, na mwepesi kwa anayetaka kusema mara moja.

Wazo hili limepata sura nyingi. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba kompyuta ya anayetuma barua ilazimishwe kwanza kufumbua fumbo dogo la hesabu. Kwa barua moja, muda unaopotea si kitu. Kwa barua milioni moja, mashine ingefanya kazi kwa siku nyingi. Mwaka 2003 ikaanza kutumika njia rahisi kuliko hiyo, iliyoitwa orodha ya kijivu. Mashine inayopokea barua kutoka kwa isiyemjua humwambia tu: rudi baadaye kidogo. Mtumaji halali hurudi baada ya dakika chache, kama kanuni za barua za kompyuta zinavyotaka. Mtupa taka, mwenye mamilioni ya anwani za kuzifikia, alikuwa hana haja ya kurudi. Ni mara chache katika uhandisi kuona kinga kubwa ikipatikana kwa jambo dogo kiasi hicho, ingawa baadaye watupa taka nao walijifunza kurudi.

Katika majukwaa ya majadiliano, mgeni kwa kawaida huzuiwa kubandika viungo vya kurasa za nje, au maandishi yake ya kwanza husomwa na mwangalizi kabla ya kuonekana na wote. Wikipedia ya Kiingereza haimruhusu mwenye akaunti mpya kuhariri kurasa zilizokingwa kwa kiasi mpaka itimize siku 4 na mahariri 10. Siku na matendo: vitu viwili ambavyo mtu mwenye haraka ya kudanganya hapendi kuvitoa.

Kijijini jambo hili halihitaji mashine. Mgeni anayekuja kukaa huletwa na mwenyeji wake kwa mwenyekiti wa kitongoji, na toka siku hiyo mwenyeji naye ana la kujibu iwapo mgeni atakuwa mwizi. Huko ni kudhaminiwa, na mtandao umeiga. Huduma ya barua ya Gmail, ilipoanza mwaka 2004, ilipokea watu kwa mwaliko tu, na haikufunguliwa kwa wote mpaka mwaka 2007. Lakini mwaliko una kasoro yake: asiye na jamaa ndani hukaa nje.

Ushuru wa wageni

Mwaka 2001 wataalamu wawili wa Marekani, Eric Friedman na Paul Resnick, walichapisha uchambuzi wa jambo hili wakitumia nadharia ya michezo, tawi la hisabati linalochunguza maamuzi ya watu wanaotegemeana. Walionyesha kwamba mahali ambapo jina jipya hupatikana kwa bei rahisi, mwovu anaweza kulitupa jina lililochafuka na kurudi na lingine. Kwa hiyo wenyeji hawana budi kumshuku kila mgeni. Shaka hiyo ni ushuru. Unalipwa na wageni wote, wema na wabaya, na hauwezi kuondolewa kabisa maadamu majina ni rahisi. Mtu anaweza kuupunguza, akachagua namna ya kuutoza, lakini si kuufuta.

Ushuru ukizidi, mji hukosa wageni. Idadi ya wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza ilifika kilele mwaka 2007, kisha ikaanza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, walionyesha kwamba sababu mojawapo ni zile zana zilizoundwa kupambana na uharibifu: zilikuwa zikifuta haraka hata kazi za wageni wenye nia njema, na wengi wao wakaondoka bila kurudi. Hilo ni kosa la nyuki mlinzi wakati wa kiangazi. Lilipigwa vita tatizo la kweli, na kwa muda mrefu hasara haikuonekana, kwa kuwa mgeni anayekata tamaa haachi malalamiko. Kwa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na yenye waandishi wachache, hasara ya mgeni mmoja mwema ni kubwa kuliko ya kusafisha taka kumi. Kizingiti cha Kiingereza kikihamishiwa huko bila kufikiriwa kitaumiza.

Kwa upande wa simu, Tanzania ilichagua kuufanya utambulisho wenyewe uwe ghali kuupata kwa udanganyifu. Kuanzia Mei 2019 laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka pia namba 15040, ambako mpokeaji huupeleka ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma, ili ifungiwe. Kipimo hiki kina nguvu, maana vidole havinunuliwi dukani. Lakini nacho kina ushuru, na haulipwi sawa nchi nzima. Waha wa nyanda za juu za Kigoma na jirani zao wa Burundi huelewana kwa lugha bila mkalimani, na wana majina na desturi nyingi zinazofanana. Mpakani kama Manyovu, ofisa anayehakiki uraia wa mwombaji wa kitambulisho ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa Dodoma, na mwombaji naye huweza kuulizwa na kungojeshwa zaidi.

Kijana anayengoja kitambulisho hakai bila simu. Hutumia laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mzazi, kaka au jirani, na kila atakachotuma huandikwa kwa jina la mtu huyo. Mtapeli naye hutafuta njia hiyo hiyo: anamtaka mtu asiye na habari aweke kidole mara ya pili, kwa madai kwamba ya kwanza haikusoma, na laini ya pili huenda isikojulikana. Kwa sababu hiyo mwenye kitambulisho anaweza kupiga *106# na kuonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Akiiona asiyoitambua, huenda kwa kampuni ya simu iliyoitoa na kutaka ifutwe.