Steki ya Kobe ilivyomrudisha Mzee kwenye meza ya nyama Mitunguu

Ukishuka matatu Mitunguu saa saba mchana, vitu viwili vitakupokea kabla hata hujalipa bodaboda: joto na harufu ya nyama. Joto, kwa sababu umeteremka kutoka Nkubu na baridi ya mlimani umeiacha nyuma. Harufu, kwa sababu hakuna soko la Meru linalojiheshimu ambalo halina bucha yenye jiko la makaa pembeni. Katikati ya hayo mawili ni ndizi, mikungu kwa mikungu, zikisubiri lori.

Hapa ndipo nyumbani. Na hapa ndipo ndugu yangu mkubwa alirejea Desemba, baada ya miaka minne Japani, akiwa na jambo moja kichwani: kumlisha Baba steki.

Lazima nieleze deni hilo lilitoka wapi. Bro alipopata nafasi ya kwenda kusoma huko, tulichanga tukakwama kwenye tiketi ya ndege. Baba alikuwa na fahali mmoja, mweusi, mnene, aliyekuwa akimsalimia kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi. Alimuuza. Siku ya kuagana alimwambia Bro neno moja tu: "Ukifika huko, usilale njaa. Nimekula ng'ombe wangu kupitia kwako."

Sasa wewe jaribu kula vibaya baada ya kuambiwa hivyo.

Bamba la chuma na mpishi mbele yako

Bro anasema mwaka wa kwanza alikula tambi na wali kama mwanafunzi mwingine yeyote. Nyama ya ng'ombe aliipata kwenye gyudon, bakuli la wali lenye vipande vyembamba vya nyama na vitunguu juu, chakula cha bei nafuu kinachookoa wengi wenye mfuko mwepesi. Lakini alikuwa ameahidi kula steki, na steki ya Japani ina mji wake: Kobe.

Kutoka Osaka, treni inakufikisha Kobe kwa takriban nusu saa. Ukishuka stesheni ya Sannomiya, mikahawa ya teppanyaki imejaa mitaa ya karibu. Neno lenyewe ni rahisi ukilivunja: teppan ni bamba la chuma, yaki ni kuchoma au kukaanga. Unakaa kwenye kaunta, bamba liko mbele yako, na mpishi yuko upande wa pili akikupikia ukitazama. Mkahawa wa Misono, wa hapo hapo Kobe, ndio unaotajwa kuwa ulianza mtindo huu mwaka wa 1945.

Kama umeona video za mpishi akirusha mayai na kuwasha mnara wa vitunguu, hiyo ni ladha ya Marekani zaidi. Mjapani Hiroaki Aoki, aliyejulikana kama Rocky, alifungua Benihana mjini New York mwaka wa 1964 na kugeuza upishi kuwa maonyesho. Kobe, anasema Bro, mpishi wake hakurusha chochote. Alimwonyesha nyama ikiwa mbichi, akamuuliza anaitaka iive kiasi gani, kisha akanyamaza na kufanya kazi.

Kwanza vikaanguka vipande vya kitunguu saumu kwenye mafuta hadi vikawa rangi ya dhahabu, vikawekwa kando. Ndipo nyama ikafuata. Ikageuzwa mara moja. Ikakatwa hapo hapo juu ya chuma, vipande vya kutosha mdomo mmoja, kwa sababu mla anatumia vijiti na hana kisu. Pembeni chumvi, pilipili manga, wasabi na mchuzi wa soya. Mwishoni mpishi akachukua wali, akaukaanga kwenye mafuta yale yale ya nyama.

"Msee, sikutafuna," Bro aliniambia. "Niliweka mdomoni ikaisha."

Kwa nini inayeyuka

Hakuna uchawi. Nyama ya Kobe hutoka kwa ng'ombe wa ukoo wa Tajima, katika mkoa wa Hyogo. Mafuta yao hayakai pembeni tu kama tulivyozoea. Yamesambaa ndani ya nyama kama mishipa midogo myeupe, na yanayeyuka kwa moto kidogo. Nyama hupangwa kwa madaraja, na A5 ndilo la juu kabisa. Zile hadithi za ng'ombe kunyweshwa bia na kukandwa kila siku? Si utaratibu wa kawaida wa wafugaji wa huko. Ni ukoo, lishe na subira.

Cha kushangaza ni kwamba Wajapani wenyewe hawajala ng'ombe kwa muda mrefu hivyo. Mwaka wa 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe na wanyama wengine kadhaa katika baadhi ya miezi, na kwa karne nyingi zilizofuata watu wengi waliepuka nyama. Ni mwaka wa 1872 tu ndipo ilipojulikana kwamba Mfalme Meiji mwenyewe anakula nyama, na milango ikafunguka. Kwa hesabu hiyo, sisi Wameru tulikuwa mbele.

Ukienda, jua haya

Bei inauma. Mlo wa jioni wa Kobe halisi unaweza kupita yen 15,000 kwa mtu mmoja, na yen moja siku hizi haiko mbali na shilingi. Nenda mchana, mikahawa mingi ina seti ya mchana, nyama ile ile kwa bei ya chini kidogo. Usitarajie kilo. Utapewa gramu 100 au 150 hivi, na kwa sababu ya mafuta yale, zitakutosha. Ukikosa pesa ya Kobe, kuna sehemu za kawaida kama Pepper Lunch, ambako nyama na wali huletwa kwenye sahani ya chuma yenye moto na unajimalizia kupika mwenyewe.

Usiache bakshishi, huko haizoeleki, na huenda mhudumu akakukimbilia akidhani umesahau chenji. Usisimamishe vijiti kwenye wali, kwani ndivyo wanavyowafanyia marehemu. Kabla ya kula sema itadakimasu, ukimaliza gochisosama. Mpishi yuko mita moja kutoka kwako. Shukrani yako ataisikia.

Bro alisema hayo yote, lakini alikula steki ile na donge kooni. Ile nyama laini, yeye mwenye meno thelathini na mbili hakuihitaji. Alimjua mtu aliyeihitaji.

Mzee aliyekuwa "hapendi nyama"

Mitunguu nyama ina utaratibu wake. Unaingia buchani, unaonyesha kwa kidole sehemu unayoitaka, inapimwa, unalipa, inaenda jikoni. Unangoja. Baadaye mchomaji anakuja na ubao, anakukatia mbele yako, kachumbari pembeni, chumvi rundo dogo kwenye kona. Ukiangalia vizuri, naye ni mpishi wa kaunta, ila hana kofia nyeupe.

Baba alikuwa na meza yake pale na wazee wenzake. Kisha miaka miwili iliyopita akaacha kwenda. Alituambia nyama inamsumbua tumbo. Tukaamini. Hakuna aliyegundua isipokuwa Bro, siku yake ya pili nyumbani: Mzee alichukua kipande, akakifyonza mchuzi, akakificha mkononi na kumpa mbwa chini ya meza. Tumbo halikuwa na shida. Ni magego yaliyokuwa yameisha, na aibu ya kutafuna saa nzima mbele ya wenzake.

Kumbe alikuwa anaipenda nyama siku zote. Alichoacha ni kuonekana.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu yetu

Jumamosi tulienda na Mzee buchani. Jirani wa bucha kuna mama wa chapati mwenye bamba la chuma pana, jeusi kwa miaka ya kazi. "Mama, tukodishie chuma yako nusu saa," Bro akamwomba. Akacheka, lakini akakubali.

Tulinunua nyama ya paja, tukaikata minene kama ya Kobe, tukaitupa kwenye chuma kabla haijashika moto vizuri. Ikatoa maji, ikajichemsha, ikawa kiatu. Baba alitafuna kwa heshima, kisha akasema, "Hii ya Japani ni ngumu kuliko yetu." Wazee wa meza ya pili wakacheka hadi mmoja akapaliwa.

Bro alikaa kimya, halafu akaona kosa. Ng'ombe wetu wanatembea. Wanakula majani, wanapanda milima, nyama yao haina mafuta ya kujificha ndani. Ukiwapika kama Tajima watakuonyesha.

Raundi ya pili alinunua sarara, ile wengi buchani huita fileti, robo kilo tu. Akaipangusa ikakauka. Akaikata vipande vyembamba, kisu kikikatiza nyuzi za nyama badala ya kuzifuata. Hiyo ndiyo siri kubwa, kwa sababu nyuzi fupi hazihitaji magego. Chuma ikaachwa hadi tone la maji likaruka juu yake. Mafuta kidogo ya ng'ombe, kitunguu saumu, kitoke. Nyama ikaingia, ikageuzwa mara moja, chumvi mwishoni. Haikumaliza dakika mbili. Ugali ukakaangwa kidogo kwenye mafuta yaliyobaki, mahali pa wali.

Baba aliweka kipande mdomoni. Akangoja, kama mtu anayesubiri maumivu. Hayakuja. Akachukua cha pili, halafu akasukuma ubao katikati ya meza na kuwaita wazee waliokuwa wakimcheka. Wawili kati yao, nikaona, walichagua vipande vyembamba zaidi na kutafuna upande mmoja tu.

Bro ameshakwea ndege kurudi Japani. Lakini wiki jana nilipita Mitunguu nikamkuta Mzee kwenye meza yake ya zamani, akimwelekeza kijana wa bucha kwa kidole: "Katiza nyuzi. Katiza, usizifuate."

Nilipomwuliza kama steki hii imelipa deni la fahali, alitafuna kwanza, akameza.

"Bado," akasema. "Mwambie arudi kulipa lililobaki."