Kuchana Chini ya Mlima Meru

Hukumu inayorudiwa sana kuhusu hip hop ya Arusha ni kwamba vijana waliwaona Wamarekani kwenye kanda za video, wakavaa suruali pana na kuiga kila kitu, kisha wakajifunga lubega la Kimasai ili waonekane wana cha kwao. Wanaosema hivyo wanaamini kwamba muziki huu ulitoka Marekani ukiwa umekamilika, hivyo kila aliyeupokea baadaye ni mwigaji. Historia yake inasema vingine. DJ Kool Herc, aliyepiga muziki Agosti 11, 1973 kwenye sherehe ya dada yake katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, alikuwa kijana mhamiaji kutoka Jamaica. Alikulia Kingston, mji wa maspika makubwa ya mitaani na washereheshaji wanaoghani juu ya santuri. New York akakuta vijana weusi na wa Puerto Rico wanaoshiba funki ya James Brown. Mbinu iliyompa jina ilikuwa kuchukua santuri mbili za wimbo mmoja na kukirudiarudia kile kipande cha ngoma kilichowainua wachezaji, kikarefuka kuliko alivyokusudia mtunzi. Yaani hip hop ilianza kwa kuchanganya cha ugenini na cha mtaani. Kwa kipimo hicho, anayeipokea bila kuitia sauti ya mahali alipo ndiye aliyeiacha asili yake.

Sasa tuitazame Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilikuwa tayari na Saleh Jabri aliyechana kwa Kiswahili, na Kwanza Unit wakafuata. Arusha iko zaidi ya kilomita 600 kutoka kwenye studio na redio za huko, lakini Namanga, mpakani na Kenya, ni safari ya kama kilomita 110 tu. Arusha ndiko kundi la X Plastaz lilikoanzia mwaka 1996, akina Gsann, Ziggy na Faza Nelly, kisha akaongezeka Merege, mwimbaji wa Kimasai. Mchango wa Merege unaeleweka vizuri ukisikiliza jinsi wimbo wa Kimasai unavyojengwa. Kiongozi wa wimbo, olaranyani, anatoa mstari. Kundi linamjibu kwa mvumo mzito wa kooni unaorudi kwa vipimo sawa, vichwa vikienda mbele na nyuma pamoja na pumzi. Hakuna anayepiga ngoma, mapigo yote yanatoka kooni. Mvumo huo ukiwekwa chini ya mistari ya mchanaji unafanya kazi ileile ya kipande cha ngoma cha Herc: unarudi, unashikilia, na unampa anayesema mahali pa kusimama. Lubega lingeweza kuwa pambo tu, lakini mvumo ule umo ndani ya biti yenyewe.

Kuna pingamizi zito hapa. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa mwaka 2004 na OutHere Records ya Ujerumani, kundi likitoka katika mji unaoishi kwa kuuza picha ya Mmasai kwa watalii, na wengi katika kundi hawakuwa Wamasai. Nakubali kwamba jina lile liliuza picha, na linaficha kwamba Arusha ni mji wa Waarusha, Wameru, Wachaga, Wairaki na wengine wengi. Ila mistari yenyewe ni ya Kiswahili cha mitaani, ambacho mnunuzi wa Munich hakielewi, na kundi lilikuwa limeshajijengea jina nyumbani kabla ya albamu. Gsann alipochana kwenye tuzo za hip hop za BET mwaka 2009, mbele ya Wamarekani wenyewe, alichana kwa Kiswahili. Wapo pia wanaovuta upande wa pili kabisa, wakidai kwamba rapu ni yetu tangu zamani kwa kuwa tuna ngonjera na majibizano. Kufanana si kuzaana. Dai hilo linawanyang'anya vijana wa Bronx kazi yao, na wetu haliwaongezei kitu.

Undugu wa kweli upo, na ushahidi wake uko Imbaseni, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Pete O'Neal, aliyeongoza tawi la chama cha Black Panther huko Kansas City, aliingia Tanzania na mkewe Charlotte, yaani Mama C, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii cha UAACC kinachofundisha vijana, sanaa ikiwemo. Imbaseni ndiko alikoishi pia Geronimo ji Jaga, Panther aliyekaa gerezani Marekani miaka 27 kabla ya hukumu yake kufutwa, hadi alipofariki Juni 2011. Huyu alikuwa baba wa ubatizo (godfather) wa Tupac Shakur, ambaye mama yake, Afeni, alikuwa Panther pia. Sidai kwamba Imbaseni ndiyo iliyowazaa X Plastaz. Ninachosema ni kwamba siasa iliyomlea Tupac ilikuwa na wazee wake hai mwendo mfupi kutoka Arusha, wakati sura yake ikichorwa kwenye daladala.

Wengine wanasema yote hayo yalikwisha kundi la Weusi la Arusha lilipopanda. Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na wenzao waliingia soko la Dar na viitikio vya kuimbika, na Nikki akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2021. Siwezi kuwalaumu kwa viitikio, maana kuchanganya ndiyo kanuni niliyoitetea tangu mwanzo. Lawama yangu ni kwa biti za sasa. Drili, mtindo wa rapu, ilitoka Chicago ikapita London, na Nairobi wakaitia Sheng mpaka ikawa yao, ilhali nyimbo nyingi za drili ninazozisikia Arusha zinakuja na ngoma ileile ya kununuliwa mtandaoni, mvumo wa kooni hamna. Waimbaji wa mvumo huo bado wapo Monduli na Longido, na maikrofoni za leo ni bora kuliko za 1996.