Kwa Nini Muuza Spika Hana Subira Nawe

Wengi wetu huku Eastlands tukitaka redio, amplifaya au spika hupanda matatu mpaka mjini, tukashuka na kuingia Luthuli Avenue. Barabara hii, yenye jina la Chifu Albert Luthuli wa Afrika Kusini, imejaa maduka ya vyombo vya sauti. Mwaka 2019 ilitengenezwa upya na Kaunti ya Nairobi pamoja na UN-Habitat. Njia ya magari ikapunguzwa, ya watu wa miguu ikapanuliwa. Kutembea pale kumekuwa rahisi. Ndani ya duka ni mambo mengine. Muuzaji anakukunjia uso, ukiuliza swali la pili anasema "chukua hii, ni poa," na ukifika Umoja au Dandora unakuta amplifaya haipatani na spika.

Tumezoea kusema vijana wa siku hizi hawana adabu. Sisi tunaona hiyo ni hukumu ya haraka. Wengi wa wauzaji hawa ni watoto wetu, wa Kayole, wa Kariobangi, wa Mathare North. Wanaamka kabla ya alfajiri, wanakwama kwenye jam ya Jogoo Road, halafu wanasimama kutwa nzima. Na kuna kitu kimoja ambacho karani wa benki au muuza vitambaa hana: kelele. Duka hili linapiga gospel, la jirani linapiga rhumba, la tatu linajaribu woofa mpya, na kila mmoja anaongeza sauti ili asimezwe na mwenzake. Mteja husikia haya kwa robo saa. Muuzaji huyasikia saa kumi, siku sita, pengine saba.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya ya kazini nchini Marekani wanasema mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda huo unakatwa nusu: kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni saa mbili, na kwa 94 ni saa moja tu. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini zinaweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa nane. Spika kubwa kwenye chumba kidogo hupita hapo bila shida. Kijana akirudi nyumbani usiku masikio yakimlia kama nzi, hiyo si kawaida ya kazi kama wanavyoambiana. Ni dalili kwamba masikio yanaumizwa, na usikivu ukishaharibika kwa kelele haurudi.

Sasa, uchovu wa aina hii una jina lake huko kwa wataalamu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu wanaojitolea kuwahudumia wengine mpaka wakaishiwa kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii si ugonjwa. Inatokana na mzigo wa kazi uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa, na ina dalili tatu. Ya kwanza, nguvu kuisha. Ya pili, mtu kujitenga na kazi yake na kuidharau. Ya tatu, kushindwa kuifanya vizuri kama zamani. Angalia ile ya pili. Yule muuzaji anayekujibu huku akitazama simu yake huenda alikuwa mchangamfu sana mwaka wake wa kwanza.

Mzigo wenyewe si miguu na masikio peke yake. Kuna kamisheni: mshahara ni mdogo, na nyongeza inategemea umeuza nini. Mteja anakuja Jumamosi tatu mfululizo, anaomba spika nne zipigwe, anabembeleza bei, anakuonyesha ya Jumia kwenye simu, kisha anaenda zake. Mwingine analeta meseji bandia ya M-Pesa na kuondoka na mali. Na hapo ndipo penye uchungu hasa, maana katika maduka mengine hasara hiyo hukatwa kwenye mshahara wa kijana. Kadhalika spika ikiungua ikijaribiwa mbele ya mteja.

Wazazi na vijana, sheria ya jambo hili ijulikane. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Upungufu wa pesa pia unaweza kukatwa, lakini kwa yule ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na ikiwa pesa zimepotea kwa uzembe wake au kwa kukosa uaminifu. Spika iliyoungua kwa bahati mbaya haimo humo. Kifungu cha 27 kinatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na cha 28 kinatoa likizo yenye malipo, siku 21 za kazi, baada ya miezi kumi na miwili. Kijana anayeambiwa "hapa hatuna likizo" anaweza kupeleka jambo lake kwa afisa wa leba.

Mnunuzi naye huumia, na huumia mfukoni. Kwenye boksi pameandikwa wati 3,000 PMPO. Namba hiyo ni ya kuvutia macho, haina kipimo kimoja kinachokubaliwa, na kila kiwanda huandika kinavyopenda. Namba ya maana ni ile yenye herufi RMS, ambayo huonyesha nguvu chombo kinachoweza kubeba mfululizo, na mara nyingi ni ndogo ajabu ukiilinganisha na ile nyingine. Kisha kuna omu. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya isiyoandikwa kwamba inabeba omu 4 itapata moto. Tena amplifaya ndogo ikilazimishwa kupiga kwa nguvu kuliko uwezo wake, sauti inakwaruza na twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inaungua. Watu husema spika ilikuwa feki, kumbe hazikulingana tu. Kueleza haya kunahitaji dakika kumi na akili iliyotulia. Muuzaji aliyechakaa hana hata moja kati ya hizo mbili, kwa hivyo anakuuzia wati 3,000.

Wenye maduka wangeweza kurekebisha mengi bila gharama kubwa. Kiti nyuma ya kaunta ni bei gani? Sauti ya mlangoni ishushwe, na vyombo vijaribiwe kwa zamu. Kamisheni ihesabiwe baada ya siku za kurudisha bidhaa kupita, ili anayeuza kitu kinachofaa asipungukiwe kuliko anayemsukumia mteja chochote. Kuwaambia vijana watabasamu zaidi, kama mabango mengine ya ofisini yanavyosema, ni kuwaongezea kazi.

Nasi wanunuzi, hasa kamati za makanisa, tujirekebishe. Tumezoea kwenda watu saba kununua vyombo, kila mmoja na maoni yake, Jumamosi mchana duka likiwa limefurika. Waende wawili, mmoja akiwa ndiye atakayetumia mikisa. Waende asubuhi katikati ya wiki. Wabebe urefu na upana wa ukumbi, idadi ya watu, idadi ya maiki, na waseme kama paa ni mabati bila dari, kwa sababu mabati hurudisha mwangwi na spika kubwa zaidi haitasaidia maneno kusikika. Wapige picha nyuma ya amplifaya ya zamani, pale penye wati na omu. Wataje bajeti yao mapema. Na risiti iandikwe namba ya modeli na muda wa garantii, si "spika 2" peke yake.